Siku Mama Mkwe Alipoitika Darasani

Mke wangu alipopangiwa kazi kwenye kituo cha afya kule Ukerewe, alinipa taarifa mbili kwa pamoja huku anakunja nguo za watoto. Ya kwanza, atakuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa kivuko. Ya pili, mama yake anakuja kutoka Magu kukaa na sisi mpaka hapo atakapopata uhamisho.

"Kukaa na sisi wapi?" nikamuuliza.

"Hapa. Kwani una nyumba nyingine?"

Mtu asiyejua mambo ya Wasukuma anaweza asione shida iko wapi. Kwetu mkwilima, yaani mwanamume aliyeoa, na mama mkwe wake ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Huli naye meza moja. Hukai alipokuwa amekaa. Huongei naye ovyo. Mjini mambo haya yamelegea, na wapo wenzangu wanaotaniana na wakwe zao kama marafiki, lakini mimi nililelewa na baba ambaye akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, anaacha njia na kupita kwenye majani. Sasa nyumba yetu ya Pasiansi, hapa Mwanza, ni vyumba viwili na sebule, juu ya mawe, mlango wa mbele ukitazama ziwa kwa mbali na wa nyuma ukitokea kwenye kiua cha kupikia. Hapakuwa na majani ya kupitia.

Akaja. Alishuka na gunia la mchele, mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, akalala chumba kimoja na wajukuu zake wawili wa kike, na bila mtu kusema lolote tukagawana nyumba: yeye mlango wa nyuma, mimi wa mbele. Aliniita "baba", nami nikamwita "mama", tukitazama pembeni. Siku za mwanzo nadhani maneno yetu yote yalikuwa ni shikamoo na marahaba, na "chakula tayari, baba", akiwa amesimama nje ya pazia.

Mwaka huo nilikuwa nimeanza kusoma. Kazi yangu ilikuwa kutunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mkuyuni. Niliijua stoo ile hata gizani, lakini kila nafasi ya juu ilipotokea alitafutwa mtu mwenye cheti. Nikajiandikisha stashahada ya ununuzi na ugavi kwenye chuo kilicho mbali, kinachofundisha kwa mtandao. Unasoma kwa simu, jioni, ukishatoka kazini. Mtihani tu ndio mnakwenda kuufanyia kwenye kituo mjini.

Wiki za kwanza nilikuwa mwanafunzi hasa. Nilioga, nikavaa shati la kola, nikakaa mezani na kalamu mpya. Halafu nikagundua kwamba hakuna anayeniona. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na vijisanduku vyeusi tu, kila kimoja na herufi za jina la mtu, na sauti ya mwalimu ikitoka sijui chini ya kisanduku gani. Alikuwa anafundisha vizuri, kwa sauti ya upole. Akimaliza sehemu anauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Tuko pamoja?" Kimya. "Haya, tuendelee." Ukishasikia kimya kile mara kadhaa, moyo unakuambia kwamba hata usipokuwepo hakitapungua kitu.

Nilianza kwa kuhama mezani kwenda kwenye kochi. Kutoka kwenye kochi nikahamia mlangoni, napunga upepo wa ziwa huku nasikiliza kwa sikio moja. Mwishowe nikawa naitika "nipo" wakati wa kuita majina, naiegemeza simu kwenye chupa ya chai, kisha natoka zangu hadi duka la jirani, ambako palikuwa na benchi na watu wa kubishana nao mpira. Sikuona kama naacha shule. Niliona nimechoka tu, na kwamba somo linarekodiwa, nitalisikiliza baadaye. Ile baadaye haikuwa inafika.

Siku ninayotaka kuisimulia, niliitika jina langu kama kawaida na kutoka kama kawaida. Nilisahau kitu kimoja: kuzima kipaza sauti cha simu. Yaliyotokea sebuleni nayajua kwa sababu somo lilirekodiwa kweli, na rekodi ile nimeisikiliza mara nyingi kuliko somo lolote la chuo kile.

Unasikika mwiko ukikwangua sufuria. Wanangu wanagombania ndoo. Mwalimu anaeleza jambo, anakatisha, anataja jina langu.

"Ndugu, zima kipaza sauti chako. Tunasikia vyombo."

Vyombo vinaendelea. Ananiita tena. Ananiita mara ya tatu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ndugu yangu, upo kweli?"

Hapo zinasikika ndala zikikokota sakafuni, na sauti ya mama mkwe wangu karibu kabisa na simu.

"Abee!"

Kimya.

"Abee, baba. Unayemwita katoka. Yuko hapo dukani wanabishana mpira. Nimwite?"

Mwalimu akasema, "Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Huko uliko hawajambo?"

"Hatujambo, mama. Samahani, naongea na nani?"

"Mimi ndiye niliyemzaa mkewe. Na wewe ni nani? Maana nakusikia tangu nabandika maji ya ugali. Unaongea, unauliza, hakuna anayekujibu. Nikadhani ni redio. Lakini redio haiiti mtu kwa jina."

"Mimi ni mwalimu, mama. Niko darasani nafundisha."

"Wanafunzi wako wapi?"

"Wapo. Kila mmoja yuko kwake, wananisikiliza kwenye simu."

"Sasa mbona hawaitiki?"

Kuna kimya kirefu hapo kwenye rekodi. Ninapokisikiliza, naona vile vijisanduku vyote vyeusi na nyuma ya kila kimoja mtu mzima ameinamisha kichwa.

"Hata mimi sijui, mama," mwalimu akasema.

"Labda hawapo," mama mkwe akamwambia, kwa huruma kabisa, bila kejeli yoyote. "Pole sana, baba. Unafanya kazi ngumu."

Ndipo kipaza sauti kimoja kikafunguka. Sauti ya mwanamke, na nyuma yake mtoto mchanga analia. "Nipo, mwalimu." Kikafunguka kingine, "Nipo." Kingine, "Nipo hapa Musoma, mwalimu, samahani." Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wengine ambao sikuwahi hata siku moja kusikia sauti zao. Nimeambiwa kwamba si mimi tu niliyekuwa dukani, lakini nisiwasemee wenzangu.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyekuja kuniita. "Baba, bibi anaongea na mwalimu wako."

Nilikimbia. Nilipoingia nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, mgongo wima, khanga ameitandaza vizuri magotini, mikono juu yake, anaitazama simu kama mtu anayemsikiliza mgeni aliyekuja na habari za msiba. Somo lilikuwa linaendelea. Ugali jikoni ulikuwa unaanza kunuka kuungua.

Aliponiona akanyanyuka upesi, akatazama ukutani.

"Nimekaa na mgeni wako, baba," akasema. "Si vizuri mtu kuachwa anaongea peke yake."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikabaki nimesimama, maana kiti alichotoka kukalia mama mkwe sikuweza kukikalia. Nikasoma sehemu yote iliyobaki nimesimama.

Nilingoja anisute, au amwambie binti yake. Hakufanya hivyo. Mama mkwe wa kwetu hamgombezi mkwe wake, na sidhani hata kama aliona kuna la kugombeza. Alichokiona yeye ni kwamba kuna mtu mwenye adabu anakuja nyumbani kwetu jioni, anabisha hodi, anamwita mwenye nyumba kwa jina, na mwenye nyumba haitikii. Akaamua kulirekebisha jambo hilo kama anavyorekebisha mambo ya nyumbani. Kipindi kilichofuata, jua likiwa bado halijazama, aliwaogesha watoto mapema, akafagia sebule, akaweka chupa ya chai na kikombe mezani, kisha akasimama nje ya pazia.

"Baba, mgeni wako amekaribia."

Ikawa ndiyo desturi. Yeye alikaa kwenye kigoda hatua chache nje ya mlango wa nyuma, ungo wa mchele mapajani, akichambua. Hakuwa ananichunga, alikuwa na kazi yake. Lakini mwalimu alipouliza swali na kimya kikaanguka, nilimsikia anakohoa. Kikohozi kile sikuweza kukistahimili. Nilifungua kipaza sauti nikajibu, mara nyingi nikikosea. Nikikosea, mwalimu alifurahi kuliko ningenyamaza, ananirekebisha, na mtu wa Musoma anaingia kubisha, na mwingine anaingia kumbishia. Darasa likawa na kelele. Nilianza kuzijua sauti za watu.

Nao walimjua yeye. Kila kipindi mwalimu aliponiita alisema, "Mama mkwe hajambo? Mfikishie shikamoo." Nami nageuka kuelekea mlango wa nyuma, natazama chini, nasema, "Mama, mwalimu anakusalimu." Anajibu kwa sauti ya kufika hadi kwenye simu, "Marahaba! Na wote huko marahaba!" Wenzangu wakachukua tabia yake. Tukakubaliana kwamba ukiitwa unaitika, hata kama hujui. Unasema, "Nipo, ila sijaelewa." Sentensi hiyo ndogo ilitusaidia kuliko maelezo mengi, maana mwalimu alijua sasa arudi wapi.

Lakini isije ikaonekana kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kulikuwa na kipindi cha kuhesabu mali dukani, narudi nyumbani mgongo umekufa, na matokeo ya jaribio la hesabu yakaja mabaya. Nilimpigia mke wangu Ukerewe nikiwa nimekaa kizingitini, nikamwambia naona niache, nitarudi mwaka mwingine mambo yakitulia. Mke wangu hakubishana nami. Alisema tu nifikirie kwanza. Nilipokata simu nikasikia sauti nyuma yangu, upande wa kiuani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nimesikia, ingawa sikutega sikio. Sina la kusema juu ya masomo yenu, mimi mambo yale hayaniingii, yananiletea usingizi. Nauliza tu. Mwalimu akikuita kesho, nimwambie nini?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Maana ataita," akaendelea. "Na mimi siwezi kunyamaza mtu akiita. Wala siwezi kumdanganya mtu anayenisalimu vizuri vile. Kwa hiyo niambie maneno ya kumjibu, niyashike mapema."

Nilijaribu kuyatafuta maneno hayo. Nilitafuta nikiwa pale kizingitini, watu wa mtaa wakipita na ndoo zao za maji, na kila niliyoyapata yalikuwa ya aibu yakisemwa na mdomo wa mama yule. Kesho yake niliitika mwenyewe.

Kuna siku nyingine alinishangaza zaidi. Tulikuwa tumemaliza kipindi, nikasikia ananiuliza kutoka kwenye kigoda chake, "Yule binti mwenye mtoto analialia, mbona simsikii siku hizi?"

Alikuwa anamsema yule mwanamke wa kwanza kuitika siku ile, Mhaya anayeishi Bukoba. Nikajaribu kukumbuka. Ni kweli, jina lake lilikuwa linaitwa na kupita. Sisi wanafunzi wenzake hatukuwa tumegundua. Aliyegundua ni mtu ambaye hajaandikishwa.

Namba yake ilikuwa kwenye kundi la darasa. Nikapiga. Alipokea kwa wasiwasi, akanieleza kwamba mtoto alilazwa kwa homa ya mapafu, sasa amepona, lakini vipindi vingi vimempita na anaona aibu kurudi. Nilianza kumpa maneno ya kutia moyo, yale ya juu juu ambayo kila mtu anayajua. Mama mkwe akanyoosha mkono kutoka mlangoni. Niliweka simu mezani, nikasogea, akaichukua.

Hakumtajia shule. Alimuuliza mtoto anaendeleaje, ananyonya, analala, wamempa dawa gani, nani anamsaidia kufua. Akamwambia kwamba na yeye mmoja wa watoto wake aliumwa hivyo hivyo, na sasa ndiye nesi wa Ukerewe. Wakaongea mpaka salio langu likaisha na yule binti akapiga mwenyewe. Mwisho mama mkwe akasema, "Haya mwanangu, basi siku ya kipindi na mimi nisikie sauti yako, niwe najua mtoto ni mzima."

Kipindi kilichofuata, jina lake lilipoitwa, aliitika. Nje ya mlango wa nyuma nikamsikia mama mkwe anasema polepole, "Eeh, asante Mungu," na mchele ukaendelea kurushwa kwenye ungo. Tangu siku hiyo mimi na yule dada tukawa tunapigiana kila mwisho wa wiki kuulizana maswali. Hesabu zilizonishinda alizielewa yeye, na mambo ya stoo yaliyomshinda niliyajua mimi.

Mtihani ulifanyika mjini. Yule dada wa Bukoba alikuja kwa meli na mtoto wake mgongoni, na mwalimu alikuwa miongoni mwa waliotumwa kutoka chuoni kusimamia. Nilimtambua kwa sauti alipotutaka tuzime simu. Akilini nilikuwa nimemchora mtu wa makamo, mwenye kitambi kidogo. Kumbe ni kijana mwembamba, pengine hata ndevu hazijakolea. Tulipotoka alinifuata hadi getini.

"Kaka, naomba nikamsalimie mama kabla sijaondoka."

Tukapanda daladala kwenda Pasiansi sisi watatu, na mtoto. Nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani, kwa hiyo mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alipomwona mwalimu akashika mdomo.

"Kumbe mtoto hivi!"

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema, akainama kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Unakula kweli huko?"

Walikula sato wa kupaka na ugali, mama mkwe akiwa amempakata mtoto wa Bukoba na kumkagua miguu na meno. Mimi nilikaa na sahani yangu upande wa mbele, mlangoni, kama inavyotakiwa, lakini nyumba ni ndogo na kila neno nililisikia. Mwalimu alimwambia jambo ambalo hakuwa amelisema darasani. Siku ile mama alipoitika, alikuwa ameshaamua moyoni kwamba muhula ukiisha ataacha kufundisha. Alikuwa anajifungia kwenye chumba cha kupanga, anaongea na ukuta jioni baada ya jioni, anajisikia kama mtu aliyerukwa na akili. Alidhani kosa ni lake, kwamba hajui kufundisha.

"Mama ulisema 'abee'," akasema, "nikajisikia mtu tena."

Mama mkwe hakujua la kufanya na maneno makubwa namna hiyo. Akamwongezea samaki.

Tuliwasindikiza hadi barabarani, mama mkwe akitembea mbele na yule dada, mimi na mwalimu nyuma. Walipoondoka tukarudi kwa njia ile ile ya mawe, nikimwacha atangulie. Tulipofika kiuani akaanza kukusanya sahani. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu barabarani, lakini heshima ya kwetu inaufunga mdomo mahali ambapo ungependa uufungue. Nikasimama karibu na tangi la maji, nikatazama chini.

"Mama, asante."

"Ya nini, baba?"

"Ya kuitika."

Akaikung'uta sahani aliyoishika.

"Si aliita?" akasema, kama mtu anayeshangaa swali, kisha akainama akaanza kuosha vyombo.

Nilifaulu, si kwa alama za kujivunia, lakini nilifaulu, na yule dada wa Bukoba alinizidi. Siku hizi mimi ndiye mnunuzi wa duka lile lile la Mkuyuni. Mke wangu alipata uhamisho akarudi, na mama mkwe akaenda zake Magu kabla ya mvua za kulimia, akiwa ameacha nusu ya michembe na kuku aliyekataa achinjwe kwa sababu alikuwa anataga. Watu huniuliza niliwezaje kusoma kwa simu huku nafanya kazi, mke yuko kisiwani. Nawaambia nilikuwa nakaa na mama mkwe. Wanacheka, wanadhani natania.